Mawe ya Mwanza na Kazi ya Maji: Mhadhara kwa Watoto wa Shule

Watoto, kwa hakika mhadhara huu ni wenu, wakubwa wakiwa wamealikwa kusikiliza tu: maudhui yetu leo ni mawe, na si mawe ya mbali yanayosomwa vitabuni, bali haya haya ambayo baadhi yenu huyakwepa na kuyaruka kila asubuhi mkishuka kutoka Bugando, Isamilo na Igogo, ambayo juu yake mama zenu huanika nguo, na ambayo kwa ajili yake mji huu wa Mwanza umeitwa Jiji la Miamba.

Mgeni afikaye hapa kwa mara ya kwanza, akainua macho kuvitazama vilima vilivyojaa mawe makubwa kuliko nyumba, kisha akaliona Jiwe la Bismarck lilivyosimama majini kando ya mji, limekaa juu ya mawe mengine kana kwamba limewekwa pale kwa mkono, aghalabu huuliza: ni nani aliyeyapandisha mawe haya? Na majibu yaliyotolewa tangu zamani ni mengi; wako wasemao ni majitu yaliyokuwa na nguvu zisizo za kibinadamu, wako wasemao ni gharika, na wako wasemao ni volkano iliyoyarusha kutoka tumboni mwake. Muradi wangu leo ni kuwadhihirishieni kwamba swali lenyewe limepinduka, kwa kuwa mawe haya hayakupandishwa na mtu wala na kitu. Yapo pale pale yalipokuwa. Nchi iliyoyazunguka ndiyo iliyoshuka. Na ule mviringo wake unaowastaajabisha wageni haukuchongwa na upepo, wala haukuchongwa na jua, bali ulichongwa gizani, chini ya udongo, na maji, kabla jiwe lenyewe halijauona mwanga wa mchana.

Tuanze na jiwe. Mwamba huu ni matale, ambao wengi wenu mmezoea kuusikia ukiitwa graniti. Mtoto yeyote atakayeokota kibanzi kilichopasuka karibuni, ambacho bado hakijapigwa na mvua nyingi, akakigeuzageuza juani, ataona kwamba si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa punje zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe pasipo gundi wala saruji. Ziko punje za kijivu zinazopitisha mwanga kidogo, nazo ni kwatzi, madini magumu kupita kisu cha chuma. Ziko nyingine nyeupe, au zenye wekundu hafifu, zenye nyuso bapa zinazometameta ukizielekeza juani, nazo ni feldispa, ambayo peke yake huwa zaidi ya nusu ya jiwe zima. Na ziko chembe nyeusi, nyembamba, zinazobanduka hata kwa ukucha, nazo ni ulanga mweusi, ndugu wa ule ulanga mweupe uliochimbwa zamani katika milima ya Uluguru. Yashikeni majina haya matatu, maana habari yote ya mawe ya Mwanza ni habari ya jinsi watatu hawa, waliozaliwa siku moja na kukua pamoja, walivyotofautiana tabia yalipowafikia maji.

Walizaliwa chini sana, kilomita kadhaa ndani ya ardhi, pale mwamba ulioyeyuka kwa joto la nyuzi 700 na zaidi ulipopoa polepole mno, hata kila punje ikapata wasaa wa kukua mpaka ikaweza kuonekana kwa macho matupu. Ilhali mwamba utokao volkano, kwa kuwa hupoa upesi juu ya ardhi, huwa na punje ndogo ambazo jicho haliwezi kuzipambanua, na hiyo ni hoja ya kwanza dhidi ya wale wasemao kwamba mawe yetu yalirushwa na mlima wa moto. Jambo hili lilitokea zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita, wakati ambapo juu ya nchi kavu hapakuwa na mti, wala unyasi, wala mnyama hata mmoja. Ziwa Nyanza lenyewe, pamoja na ukubwa wake, halijatimiza hata miaka milioni moja. Lilikuja likayakuta mawe haya yamekwisha kuwa makongwe.

Sasa fikirini habari ya uzito. Pande la matale lenye urefu, upana na kimo cha mita moja lina uzani wa takriban tani 2.7, kwa hiyo mwamba uliolala kilomita 5 chini ya ardhi ulikuwa umebeba, juu ya kila mita moja ya mraba, tani 13,500 za miamba mingine. Chini ya mzigo huo mwamba hutulia ukabanwa kila upande, wala hauna nafasi ya kufanya lolote. Lakini juu ya nchi mvua hazikukoma, mito haikukoma, na katika dahari hizo ndefu milima iliyokuwa juu ikaliwa kidogo kidogo, na vumbi lake likachukuliwa mbali, mpaka mzigo ukapungua. Na mzigo ulipopungua, mwamba ukatanuka, na kitu kigumu kitanukacho hakina budi kupasuka. Nyufa nyingine zilikuwako tangu siku za kupoa, na nyingine zilitokana na mitikisiko na misukumo ya ardhi. Zote pamoja zilikwenda pande tatu: ziko za wima, ziko zilizokatiza zile za wima, na ziko za mlalo zinazofuata uso wa nchi, hata mwamba mzima ukawa umegawanyika kuwa mapande yenye pembe kali, makubwa kwa madogo, yaliyobanana na kuzikwa. Angalieni basi kwamba mpaka hapo hapakuwa na jiwe la mviringo hata moja.

Ndipo maji yakaingia. Maji ya mvua, watoto wangu, si maji matupu. Yakishuka angani huchukua sehemu ya hewa ya ukaa, ile ile tunayoipumua nje, yakawa na ukali mdogo wa tindikali, mdogo hata ulimi hauutambui. Yakishapenya udongoni ukali huo huzidi, kwa sababu katika udongo mizizi hupumua na majani huoza, na hewa iliyomo baina ya chembe za udongo huwa na ukaa mara nyingi kupita hewa tuivutayo sisi. Maji haya huteremka katika zile nyufa, yakakaa humo, na kukaa huko ndiko kwenye siri yote. Jiwe lililo wazi juu ya mlima hunyeshewa alasiri likakauka kabla ya magharibi. Lakini jiwe lililozikwa hushinda na unyevu mwaka mzima, masika na kiangazi, kwani udongo ulio juu yake hulikinga na jua. Kwa ajili hiyo mwamba uliofichwa huoza haraka kuliko mwamba ulio wazi. Kanuni hii ni kinyume cha yale ambayo mtu angeyadhania, nami nawaomba msiisahau, maana pasipo kuifahamu hamtaifahamu sura ya Mwanza.

Kila madini hupatwa na lake. Feldispa hushindwa mapema. Maji yenye ukali huinyang'anya chumvi zake za potasi na sodiamu, yakaenda nazo, na kinachobaki ni udongo mweupe laini uitwao kaolini, ambao wafinyanzi wa vyombo vya kauri huutafuta nchi hata nchi. Ulanga mweusi una chuma ndani yake. Maji na hewa vikiufikia, huvimba, na chuma chake hushika kutu, na kutu hiyo ndiyo iliyoutia udongo wetu rangi zake nyekundu na za kahawia. Kwatzi yeye hafanywi kitu. Jirani zake wakiisha kuoza huanguka tu, punje moja moja, akawa mchanga. Hali hii yote huitwa kuchakaa kwa miamba, nayo si sawa na mmomonyoko. Kuchakaa ni jiwe kudhoofika pale pale lilipo, bila kuondoka, na mmomonyoko ni kuchukuliwa kwa kile kilichokwisha kudhoofika. Zitofautisheni kazi hizi mbili, kwa kuwa katika nchi yetu zilifanyika kwa zamu, na baina ya zamu na zamu ilipita miaka isiyohesabika.

Yabaki kueleza ule mviringo. Uso mmoja wa pande la jiwe huliwa na maji kutoka upande mmoja tu. Ukingo, ambapo nyuso mbili hukutana, huliwa kutoka pande mbili. Pembe, ambapo nyuso tatu hukutana, huliwa kutoka pande tatu kwa mpigo. Basi pembe hutangulia kwisha, ukingo hufuata, na uso huwa wa mwisho. Mmeliona jambo hilo nyumbani siku ya kufua: kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa asubuhi kikiwa na pembe zake zote, hata jioni hakina pembe hata moja, wala hapana mtu aliyekusudia kukiviringa. Aidha, wingi wa nyufa huongeza kazi ya maji kwa namna inayoweza kuhesabiwa, nanyi mwaweza kuifanya hesabu hii daftarini. Pande la mita moja kila upande lina nyuso sita, jumla mita 6 za mraba. Likipasuka katikati kwa kila njia, yakapatikana mapande manane, nyuso zake kwa jumla huwa mita 12 za mraba. Na likikatwakatwa kuwa mapande 1,000 ya sentimita 10, nyuso huwa mita 60 za mraba. Jiwe ni lile lile na uzani ni ule ule, lakini maji yamepata mahali pa kushika mara kumi zaidi. Kwa hiyo pale ambapo nyufa zilisongamana mwamba wote uliteketea ukawa mchanga na udongo, na pale zilipoachana mita nyingi ulibaki moyo mgumu katikati ya kila pande, umezungukwa na mwamba uliooza.

Mtaalamu mmoja wa jiografia wa Uingereza, David Linton, aliyekuwa akiyachunguza mawe ya Dartmoor katika nchi yake, aliandika mwaka 1955 kwamba milundo ya namna hii imefanywa kwa awamu mbili: kwanza mwamba kuoza chini kwa chini mpaka kina kirefu, kisha uchafu wake kuondolewa, na mawe mazima yasiyooza yakabaki wazi. Wataalamu waliokuja baada yake wamebishana juu ya namna awamu hizo zilivyotokea katika Dartmoor yenyewe, lakini kwa nchi zenye joto na mvua, ambamo mwamba huweza kuoza kwenda chini makumi ya mita, sioni maelezo yanayolingana na mawe yetu kupita haya. Mvua zilipobadilika, au nchi ilipoinuka na mito ikapata nguvu ya kukata, ule mchanga na udongo uliojaa baina ya mioyo ya mawe ukasombwa kidogo kidogo. Mawe yaliyokuwa yamezikwa yakajitokeza vichwa, kisha mabega, kisha yakakaa moja juu ya jingine kwa kufuata mpangilio ule ule yaliokuwa nao tangu yakiwa mapande ya mwamba mmoja. Ukilitazama kwa makini rundo lolote la Mwanza utaona kwamba nafasi iliyo baina ya jiwe la juu na la chini ni ufa wa mlalo wa zamani, na nafasi iliyo baina ya jirani na jirani ni ufa wa wima. Na mara nyingi mstari wa rangi, au mshipa mweupe wa kwatzi, huanzia katika jiwe moja ukaendelea katika jiwe la pili bila kupotoka. Huo ni ushahidi bayana usiokanushika, kwa kuwa mtu au jitu aliyeyapanga mawe asingeweza kuulinganisha mshipa na mshipa namna ile.

Na pale ambapo nyufa zilikuwa haba kabisa, mwamba haukugawanyika, bali ulibaki jabali moja lenye mgongo mtupu, limesimama peke yake katika tambarare. Majabali ya namna hiyo ni mengi katika bara la Tanzania, na mmoja wa watu wa kwanza kuyaeleza kwa maandishi ya kitaalamu alikuwa Wilhelm Bornhardt, Mjerumani aliyezunguka nchi hii akichunguza miamba na kutoa kitabu chake mwaka 1900. Hata leo wataalamu wa dunia nzima huyaita majabali hayo kwa jina lake, popote yalipo.

Nimesema kwamba jua halikuyachonga mawe haya, nami najua kwamba wako waalimu humu ambao walifundishwa kinyume chake, maana kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba mwamba hutanuka mchana kwa joto na kusinyaa usiku kwa baridi, ukachoka, ukapasuka. Fikra hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ilikuwa nadharia ya watu makini, ila haikupimwa; na aliyeipima ni Mmarekani David Griggs, ambaye mwaka 1936 alitangaza matokeo ya jaribio lililohitaji subira kubwa. Alichukua jiwe la matale lililosuguliwa uso likang'aa, akalipasha moto na kulipoza kwa hewa kavu mara 89,400, sawasawa na mabadiliko ya mchana na usiku ya miaka 244, na tena kwa tofauti ya joto kubwa kuliko ile ya mchana na usiku wa kawaida. Mwisho wake akalitazama jiwe kwa hadubini, akaliona halina mabadiliko yoyote. Kisha akarudia kazi ile ile, lakini safari hii akilipoza jiwe kwa kulinyunyizia maji; na baada ya muda uliolingana na miaka miwili na nusu tu, uso ulikuwa umepoteza mng'ao na nyufa zimeanza kuonekana. Joto lilikuwa ni lile lile katika majaribio yote mawili, na kilichoongezwa ni maji peke yake.

Hata hivyo uadilifu wataka nisilinyime jua haki yake. Mwaka 2014, mahali paitwapo Twain Harte katika jimbo la California, jabali la matale lilianza kupasuka na kubanduka mbele ya macho ya watu katika siku za joto kali, na waliolichunguza waliona kwamba joto lilikuwa limeyasukuma matabaka ambayo tayari yalikuwa yameachana na mwamba. Basi jua laweza kuimaliza kazi ambayo wengine wameianza. Moto wa kuni ni habari nyingine kabisa. Wale baba na mama wanaopasua mawe vilimani kwa ajili ya kokoto huwasha moto juu ya mwamba, na moto mkali hufikia joto ambalo jua halilifikii abadani. Kwatzi ikifika nyuzi 573 hubadilika ghafula mpangilio wake wa ndani na kutanuka, na jiwe hutoa mlio likaachana. Wapasua mawe hawakuisoma kanuni hiyo popote, na bado wanaitumia kwa usahihi kamili. Kazi yao ni ngumu, ina vumbi linaloharibu mapafu, na kila nyumba ya zege katika mji huu imesimama juu ya jasho lao.

Matabaka niliyoyataja, yanayobanduka kwa kufuata mgongo wa jabali, yamewahi kuwafaa watu kwa namna iliyo adhimu. Kusini ya mbali, katika nchi ya Zimbabwe, matale hubanduka kwa mabapa yenye unene unaokaribia kuwa sawa, na mafundi wa Zimbabwe Kuu waliyachukua mabapa hayo, wakayagongagonga yakawa matofali, wakajenga kuta ambazo mahali pengine zinapita mita 10 kwenda juu, pasipo chokaa wala udongo wa kushikiza. Mji huo ulifanya biashara ya dhahabu na pwani yetu, na sarafu ya Kilwa yenye jina la Sultani Hasan bin Sulaiman iliokotwa humo. Watu wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe yaliyotoka baharini, wenzao wa bara wakajenga kwa mwamba uliojimenya wenyewe, na dhahabu ikapita baina yao.

Viumbe hai nao wana sehemu yao. Yale madoa ya kijivu na ya rangi ya machungwa yaliyoganda juu ya mawe ni viumbe hai, na hutoa tindikali inayoulegeza uso wa jiwe. Mitini ipenyezayo mizizi katika nyufa huzipanua. Na vile vishimo vya duara juu ya vilele, vinavyobaki na maji baada ya mvua, hujichimba vyenyewe, kwani maji yakikaa huozesha, na shimo likiongezeka kina hukaa maji zaidi. Mijusi wenye vichwa vyekundu na pimbi waliojazana katika mapango madogo ya mawe hawachongi kitu, lakini wamepata makao kwa sababu ya nyufa zile zile. Kadhalika katika mbuga ya Serengeti, ambako milundo ya mawe ya Moru na ya Simba huonekana kutoka mbali, simba hupanda juu yake kupumzika na kutazama mawindo. Huko shina la milundo hiyo halionekani, kwa kuwa limefunikwa na majivu ya volkano kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Na hayo yatuonyesha kwamba nchi yaweza kufukuliwa na yaweza kufukiwa tena. Karibu na Kisumu, Wajaluo wana Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza, ambalo watu huliendea kwa maombi hata leo. Nalo pia ni mwamba uliogawanywa na nyufa.

Nimekawia kufika kwenye jambo ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni hili: vilikwenda wapi vile vyote vilivyoondolewa? Ikiwa nchi imeshuka, na mawe tuyaonayo ni mabaki, basi sehemu iliyoondoka ni kubwa mno kuliko iliyobaki, na haikupotea. Tembeeni kutoka mlimani kwenda bondeni popote katika Usukuma mtaikuta imetandazwa kwa utaratibu. Karibu na mawe kuna luseni, udongo wa mchanga mwepesi ambao ni kwatzi iliyoachwa na wenzake, na humo bibi na babu zenu walipanda mihogo na karanga kwa kuwa jembe hupita bila taabu. Mkiteremka mtalifikia itogolo, ambalo tabaka lake la chini ni gumu na halipitishi maji, na kwa sababu hiyo wakulima hukinga majaruba ya mpunga. Chini kabisa iko mbuga, udongo mweusi mzito unaonata masika na kupasuka kiangazi, nao ulikusanya chembe laini kabisa pamoja na chumvi zile ambazo maji yaliinyang'anya feldispa huko juu. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alitambua katika miaka ya 1930 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hupangika namna hii, wa juu ukiwa mzazi wa wa chini, na fikra yake ikafuatwa na wataalamu wa udongo duniani. Wakulima wa Kisukuma walikuwa wamekwisha kuyapa madaraja hayo majina yake na kuyachagulia mazao. Chakula mlichokula jana kilitoka katika jiwe lililooza, na kama matale yote yangalikuwa na ukaidi wa kwatzi, Usukuma ungalikuwa jangwa la mchanga.

Kazi hiyo haijakoma, ingawa mwendo wake haupimiki kwa umri wa mtu. Uso wa jabali tupu katika nchi kavu hupungua mita chache tu kwa miaka milioni moja. Lakini udongo unaoyashikilia mawe huweza kuondoka kwa mvua moja, na hapo, wazazi na waalimu, nawageukia ninyi. Mahali pengi vilimani watu wamechimba mchanga na kifusi chini ya mawe makubwa, wamekata miti iliyokuwa imeufunga udongo kwa mizizi yake, na wamejenga nyumba mkabala na jiwe ambalo tegemeo lake limeliwa nusu. Jiwe lililokaa salama miaka elfu nyingi lilikuwa na tegemeo. Likiondolewa tegemeo, umri wake haumdhamini mtu. Mtoto akiona ufa mpya katika udongo chini ya jiwe, au mchanga unaotiririka baada ya mvua mahali ambapo jana palikuwa pakavu, amwambie mzazi wake siku hiyo hiyo, na mzazi asimpuuze.

Sasa nawapa kazi, watoto, na kazi hii haihitaji fedha wala vyombo vya maabara. Nendeni pamoja na mwalimu wenu mahali ambapo barabara imekata mlima, au kwenye msingi wa nyumba uliochimbwa karibuni, nanyi mtaona mawe ya mviringo yaliyo bado ndani ya udongo, yamezungukwa na maganda ya mwamba uliooza. Shikeni ganda mojawapo mkalifinye. Litavunjika mikononi, ingawa bado lina rangi za jiwe na punje zake zote ziko mahali pake. Chukueni konzi moja ya huo mwamba uliooza mkaitie katika chupa yenye maji safi, mfunge kizibo, mtikise kwa nguvu, kisha mwiweke mezani msiiguse. Punje za kwatzi zitatangulia kuzama katika muda wa kuhesabu mpaka kumi. Vibanzi vya ulanga vitakawia, vikizungukazunguka na kumetameta, kabla ya kulala juu ya mchanga. Maji yaliyo juu yataendelea kuwa na ukungu mweupe au mwekundu hata kesho yake, na ukungu huo ni feldispa ya zamani, iliyokwisha kuwa udongo. Pimeni kwa rula unene wa kila tabaka, andikeni, kisha chukueni konzi nyingine kutoka mahali pa mbali na jiwe, na nyingine kutoka bondeni, mlinganishe. Na mwenye kuona tabaka la mchanga likipungua kadiri anavyoteremka, na la udongo likizidi, aulize darasani kwa nini, maana jibu lake mmekwisha kulisikia leo.